Wanaotangulia Kufika: Wahandisi wa Medani na Mto Kagera

Kila mgeni apandaye kilima cha Kidichi, kaskazini mashariki ya mji wa Zanzibar, huoneshwa hamamu. Huambiwa kwamba ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Sayyid Said bin Sultan, kwa ajili ya mkewe Shehrzad, bibi wa Kiajemi, mjukuu wa Shah Fath Ali. Huoneshwa kuba, na chini yake mapambo ya lipu, ndege na maua na mitende, kazi ya mafundi wa Kiajemi. Mgeni hustaajabu, akashuka na jina la Sultani na jina la mkewe. Majina ya mafundi wenyewe hayamo katika hadithi. Nani aliyefikiri maji yatafikaje kilimani, nani aliyepima kuba lisije likamwangukia mtu akioga, hayo hayaulizwi.

Jeshini nako mambo ni hayo hayo. Watoto wetu shuleni hutajiwa majemadari na miji iliyotekwa. Kuna askari wengine ambao aghalabu husahauliwa, ingawa bila yao jemadari asingetoka kambini kwake. Hao ni wahandisi wa medani, na makala yetu ya Jumapili ya leo ni juu yao. Tutasema zaidi juu ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kwa sababu hapo ndipo Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipojua kwa jasho na damu thamani ya daraja moja.

Mhandisi wa medani ni nani? Ni askari kama wengine, ana bunduki, anajua gwaride, anakula chakula kile kile. Ila yeye amefunzwa kazi mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kuwapitisha wenzake: kufyeka njia, kujaza mashimo, kujenga daraja, kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Ya pili ni kumzuia adui asipite: kuvunja daraja, kuchimba mahandaki, kutega yale yale ambayo kesho huenda akatakiwa kuyategua. Juu ya hayo, yeye ndiye atafutaye maji ya kunywa ya askari, na maji yakiwa mabaya jeshi huugua kabla halijamwona adui. Batalioni ya wahandisi huwa na makombania yake: wengine wa mashine nzito, wengine wa madaraja, wengine wa baruti. Katika vita batalioni hiyo haikai mahali pamoja. Hukatwa vipande vipande, kombania hii ikapewa brigedi hii, platuni ile ikapewa kikosi kile. Nadhani hiyo ni sababu moja ya historia yao kuwa ngumu kuisimulia, kwa kuwa wamo katika habari ya kila mtu, na hawana habari iliyo yao peke yao.

Kazi hii haikuanza jana katika Afrika ya Mashariki. Wazee waliokwenda Burma katika Vita Kuu ya Pili waliiona. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo askari wake walizungumza Kiswahili kambini na vitani, ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa masika ya huko, mvua ambayo hata sisi wa pwani tusingeiita mvua tu. Barabara iligeuka tope. Wahandisi wakakata miti na kulaza magogo, gogo kando ya gogo, ili magari yasizame. Divisheni hiyo ilifika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwanzoni mwa Desemba 1944. Huko wahandisi wa Jeshi la 14 wakatandika daraja la vyuma lililoelea juu ya maji, urefu wake futi 1,154, yaani takriban meta 350. Wakati ule hapakuwa na daraja la aina yake duniani lililolizidi urefu.

Inafaa tulieleze daraja la aina hiyo, kwa maana tutakutana na ndugu zake huko mbele. Lilibuniwa na Mwingereza, Donald Bailey, mtumishi wa Wizara ya Vita, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Fikra yake ilikuwa nyepesi kama fikra zote zilizo bora. Badala ya kujenga daraja zima, jenga kipande cha chuma chenye urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5, kiasi cha kubebwa na watu sita. Vipande vyote viwe sawasawa, kipande chochote kiungane na chochote kwa pini. Ukitaka daraja fupi, unga vichache. Ukitaka refu, ongeza. Ukitaka lipitishe kifaru, panga vipande safu mbili au tatu. Haihitaji winchi wala kiwanda. Askari hulijenga lote ng'ambo ya kwao, juu ya magurudumu, kisha hulisukuma polepole juu ya mto. Mbele yake hutangulizwa pua, yaani sehemu nyepesi isiyo na sakafu, na nyuma huachwa uzito wa kutosha ili daraja lisije likainamia majini kabla pua haijagusa ukingo wa pili. Ni mizani tupu. Anayejua kupima ratili dukani ataielewa.

Basi Tanganyika ikapata Uhuru mwaka 1961, Zanzibar ikafanya Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, na siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi katika kambi ya Colito. Jeshi lile likavunjwa. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo, likaundwa jeshi jipya, la Bara na Visiwani kwa pamoja, na tarehe 1 Septemba 1964 ikawa siku ya kuzaliwa kwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kuanzia hapo kijana wa Unguja au Pemba aliyevaa sare hiyo alijua kwamba huenda akatumwa mahali asipopata kupasikia.

Tumchukue kijana mmoja, tuseme wa Kidichi, kwa mfano tu. Amekulia baina ya mikarafuu. Maji ayajuayo ni ya kisima, ya chemchemi, na ya bahari anayoiona akishuka Bububu. Mto? Mto kwake ni ule wa Mwera, ambao wenyeji wanaujua vyema, na ambao hauwezi kulizuia jeshi lolote. Kisiwa chetu Mungu amekinyima mito mikubwa. Kijana huyo siku moja anateremshwa kwenye lori, upande wa pili wa nchi, kilometa nyingi kutoka karafuu ya mwisho, akaambiwa: tazama. Chini yake unapita mto Kagera, utokao Rwanda na Burundi kwenda Ziwa Viktoria, mojawapo ya vyanzo vya Nili. Maji ni mengi, mkondo una nguvu, viboko na mamba wamo. Daraja hakuna.

Daraja lilikuwapo. Majeshi ya Idd Amin Dada, aliyekuwa akiitawala Uganda tangu mwaka 1971, yaliingia mkoa wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaikalia ardhi yote ya kaskazini ya mto. Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo, kiasi cha maili za mraba 700, sasa ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa, na wasomaji wetu wenye umri wanakumbuka alivyohesabu vitu vitatu: sababu, uwezo na nia. Siku ya pili yake, tarehe 3 Novemba, daraja la Kyaka likaanguka.

Namna lilivyoanguka ni somo. Ndege za kivita za Amin zilikuwa zimejaribu kulipiga kwa mabomu, na kila mara zikalikosa. Anayeshangaa na apande juu ya mnara autazame uzi uliotandikwa uwanjani. Rubani aendaye kasi, naye akipigwa risasi kutoka chini, huliona daraja hivyo. Ndipo akaletwa mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Huyu hakuwa na haja ya ndege. Mtu wa kazi hiyo hutafuta mahali uzito wa daraja unapokutana, huweka baruti yake hapo kwa kipimo, huunganisha waya, hujitenga. Kazi waliyoishindwa marubani, fundi mmoja akaimaliza.

Kwa upande wa Uganda jambo hilo lilihesabiwa kuwa ushindi mkubwa. Mto ukawa ukuta. Ng'ambo ya pili wanajeshi wakateka ng'ombe, wakapora kiwanda cha sukari cha Kagera, wakaua raia, na maelfu ya waliosalimika wakakimbilia kusini, baadhi yao wakivuka maji kwa mitumbwi. Ng'ambo ya huku jeshi letu likawa linakusanyika kwa taabu isiyosemeka. Askari walitoka kusini mwa nchi na kutoka pwani, kwa treni, kwa meli za ziwani, kwa mabasi na malori yaliyochukuliwa kutoka mashirika na watu binafsi, katika mvua za vuli. Mama mwenye nyumba mjini aliliona jambo hilo kwa njia yake: basi la kazini halikuja, lori la mchele halikufika. Jeshi ambalo lilikuwa na watu wasiozidi 40,000 lilipanuka, kwa kuwaingiza wanamgambo na wengineo, hata kupita 100,000. Na wote hao, wengi namna hiyo, walikuwa wamesimama nyuma ya maji.

Mizinga na makombora yetu yalivuka, maana kombora halihitaji daraja. Yaliwalazimisha adui wausogee mbali ukingo. Lakini mzinga hauwezi kuikalia ardhi. Mtu lazima avuke, na nyuma yake uvuke unga, uvuke maji, yavuke risasi, na machela ya majeruhi yapate njia ya kurudi. Kwa hiyo vita vyote, kwa muda huo, viliwaangukia wahandisi.

Katika mwezi huo huo wa Novemba walitandika daraja la muda la vyuma juu ya Kagera. Msomaji aliyewahi kubeba kitanda cha chuma usiku, kwenye ngazi, bila ya kumwamsha mtoto, atapata picha ndogo ya kazi ya namna hiyo. Daraja la vitani hujengwa, panapowezekana, gizani. Taa haziruhusiwi. Amri hunong'onwa. Chuma kikigongana na chuma mlio huenda mbali juu ya maji, na huko mbali kuna mtu anayesikiliza. Kidole kikibanwa hapigi mtu kelele. Mhandisi anapofanya kazi hii bunduki yake iko chini, kwa sababu mikono yake miwili imeshika kipande cha daraja. Anaishi kwa kuwaamini wenzake waliolala ukingoni wakimlinda. Ushujaa wa kusimama mikono imejaa, wala huwezi kujibu, mimi nauona ni mgumu kuliko ule wa kushambulia.

Majeshi yakavuka. Amin alikuwa ameshatangaza kuwa anawaondoa watu wake, na mwisho wa mwaka 1978 Kagera ilikuwa imekombolewa. Waliorudi makwao walikuta mashamba yamegeuka kichaka, nyumba hazina milango, na ardhi isiyoaminika. Mkulima hawezi kupiga jembe mahali asipojua kilichofukiwa. Kwa hiyo baada ya daraja ikafuata kazi isiyo na sifa yoyote, ya kukagua ardhi hatua kwa hatua.

Lakini vita havikuishia mpakani, na hapa historia ya wahandisi ina ukurasa ambao si wa kujivunia. Usiku wa tarehe 21 Januari 1979 jeshi letu lilishambulia Mutukula, mji mdogo wa mpakani upande wa Uganda, likauteka. Matingatinga yakaingia. Mashine zilizoletwa kutengeneza njia zikasukuma nyumba za udongo mpaka mji ukawa uwanja, na raia wakauawa, kwa kulipiza kisasi cha yaliyotendeka Kagera. Habari zilipomfikia Mwalimu zilimhuzunisha na kumkasirisha, na askari wakaamriwa kuwaacha raia na mali zao. Hata hivyo mwezi uliofuata, Masaka ilipotekwa, baadhi ya majengo yalilipuliwa kwa baruti. Tunayaandika haya kwa sababu watoto wetu watayasoma kwingine, na ni bora wayasikie nyumbani kwanza. Hapo hapo Mutukula mashine zilianza pia kutayarisha uwanja wa ndege wa kuletea mahitaji.

Kutoka Masaka kwenda Kampala jeshi lilikutana na maji mara ya pili, safari hii yasiyokwenda popote. Kaskazini ya Lukaya barabara hupita juu ya tuta, kiasi cha kilometa 25, katikati ya kinamasi. Kuacha tuta ni kuzama. Tuta likivunjwa katikati, vifaru na mizinga yote ingebaki Masaka mpaka Mungu alete kiangazi. Makamanda wetu walilijua hilo, na ndiyo maana walikimbilia kulishika kabla Waganda na wasaidizi wao wa Libya hawajaliharibu. Vita vya Lukaya vya tarehe 10 na 11 Machi 1979 huhesabiwa kuwa vikubwa kuliko vyote vya ugomvi ule. Jioni ya kwanza brigedi yetu ya 201, iliyokuwa na wanamgambo wengi, ilivunjika na kukimbia. Usiku huo brigedi ya 208 ilizunguka mwendo mrefu ikaja kutokea nyuma ya adui, na alfajiri mambo yakageuka. Tuta likabaki zima. Katika hesabu ya mhandisi hilo ndilo lililokuwa shabaha, na askari wote waliokufa pale walikufa kwa ajili ya barabara.

Yaliyofuata yanajulikana. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11. Palibaki hofu moja kubwa, bwawa la Owen Falls huko Jinja, lililokuwa likizalisha umeme wa Uganda tangu mwaka 1954. Mtu aliyelivunja daraja la Kyaka kwa baruti kidogo alikuwa ameonesha linalowezekana, na bwawa si daraja, maana likivunjwa huwatia giza mamilioni. Jinja ilitekwa tarehe 22 Aprili, na bwawa likakutwa salama. Mwezi Mei daraja la Karuma, kwenye Nili, likagombaniwa na kutekwa, na tarehe 3 Juni 1979 askari wetu wakafika mpaka wa Sudan.

Nyumbani kila familia ililipa sehemu yake. Vita viligharimu nchi kiasi cha dola milioni 500, fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Mwalimu aliwataka wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda ulifungwa kwa muda mrefu zaidi ya huo, kama ajuavyo kila mama aliyepanga foleni ya sabuni na unga katika miaka ya mwanzo ya 1980, Dar es Salaam au Darajani.

Na wahandisi waliendelea na kazi, kwani kazi yao ni miongoni mwa zile chache za jeshi zinazotumika vivyo hivyo wakati wa amani. Maghala ya silaha yaliporipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, mabomu yaliruka mpaka mitaani, mengine yakaanguka bila ya kulipuka, uani, chooni, shambani. Wananchi waliambiwa wasiyaguse, wakaitwa wataalamu wa jeshi kuyaokota moja moja. Mwaka 2018 ukafunguliwa ukuta wa kilometa 24.5 kuyazunguka machimbo ya tanzanite ya Mirerani, nao ulijengwa na wanajeshi kwa miezi michache. Huku kwetu Visiwani, vijana wa Jeshi la Kujenga Uchumi, lililoanzishwa mwaka 1977, wameshika matofali na majembe zaidi ya silaha.

Mzazi anayeniuliza kama mwanawe anayependa hesabu na kufungua-fungua redio apelekwe jeshini, mimi simjibu. Namwambia tu kwamba huko kuna kazi ya hesabu pia, na kwamba mwanafunzi wa ufundi wa Mikunguni hatakuwa mgeni sana katika karakana ya batalioni ya wahandisi. Ugeni utakuwa kwenye baruti.

Baadhi ya waliokufa katika vita vile wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, safu kwa safu. Kyaka kilimani limebaki gofu la kanisa lililopigwa wakati wa vita, na chini yake mto unapita kama ulivyokuwa ukipita. Mabasi ya kutoka Bukoba huvuka kwa dakika moja, abiria wengi wamesinzia, kuelekea Mutukula. Pale palipopita tingatinga mwaka 1979 kuna kituo cha pamoja cha forodha, kilichofunguliwa mwezi Novemba 2017 na marais wa nchi zote mbili, na malori husubiri zamu yao.